Mkwe Darasani

Vijana wangu wa ofisi ya Usawa na Ujumuishi, mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Mmeniomba kwa adabu, tena mkaja na sukari na mchele mkononi, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Ila nawaambia mapema: habari za vyeo na mishahara hamtazipata humu. Vyeo vilikuja kwa kuchechemea, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza kazi.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu mjini. Babu yangu alipanda huku kutoka pwani na cherehani yake. Akashona kanzu, akashona kaptula za wakulima wa chai, akashona na majoho ya wachungaji, maana alikuwa akisema kitambaa hakina dini. Nimezaliwa hapa. Baridi ya hapa ni yangu, ukungu ni wangu, na Kinyakyusa nakisikia mpaka matusi yake. Hata hivyo nimeulizwa maisha yangu yote, "Bi Zuhura, kwenu hasa ni wapi?" Wengine walioniuliza walikuwa wamehamia juzi tu.

Miaka ya tisini, serikali ilipolegeza kamba na makanisa na watu binafsi wakaruhusiwa kuendesha vyuo vikuu, chuo chetu nacho kikapandishwa daraja. Zamani kilikuwa cha kanisa, cha kufundisha walimu. Sasa wakaja wafadhili, na wafadhili hawaji mikono mitupu wala hawaji vinywa vitupu. Walitaka kujua wanawake ni wangapi, wasioona ni wangapi, Waislamu ni wangapi, na waliotoka nje ya mkoa ni wangapi. Akatafutwa mtu wa kuhesabu. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, mwanamke, na Mwislamu. Mkuu wa Chuo, mchungaji mwenye heshima zake, aliponiajiri alijua kabisa kwamba amejaza mistari miwili kwa mtu mmoja. Kila walipokuja wageni niliwekwa mbele kwenye picha, mtandio uonekane vizuri. Nilipigwa picha kuliko bibi harusi.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha kufulia cha wamisionari wa zamani. Sinki lilikuwa bado pale kwenye kona, likidondosha maji mchana kutwa. Siku ya kwanza nilikaa mezani, nikachukua majina ya wanafunzi wote, nikapiga mistari kwa rula, nikatoa majedwali mazuri yenye asilimia zake. Nikampelekea Msajili, Bwana Kibona.

Huyu Bwana Kibona ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mndali wa Ileje, mrefu, anavaa sweta mbili moja juu ya nyingine, na anaongea kama mtu anayelipia maneno. Akayatazama majedwali yangu kwa muda, akayarudisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bwana Msajili."

"Haya. Vaa gambuti twende."

Tukazunguka chuo kizima kwenye mvua. Tulisimama mlangoni mwa bwalo tukaangalia nani anakula na nani. Tukaenda kwenye kamba za kuanikia nguo, tukaenda maktaba, tukapita nyuma ya mabweni. Hakunieleza kitu. Tuliporudi, maji yakinitiririka hadi kwenye soksi, akaniambia, "Majina yanakueleza nani ameingia getini. Akishaingia yuko wapi, hilo utalifuata kwa miguu."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya kazi. Zana zangu zilikuwa gambuti, mwavuli, na chupa ya chai ya maziwa. Chai ni zana, msicheke. Mtu mwenye kikombe mkononi hana haraka ya kuondoka. Tena usimuulize mwanafunzi, "Je, unabaguliwa?" Atakwambia hapana, kwa sababu anaona aibu au kwa sababu anakuogopa. Muulize, "Jana jioni ulikula na nani?" Utapata habari yote.

Kwa miguu niligundua kwamba wanafunzi Waislamu wanakula maharage mwaka mzima, wakati ripoti inasema chakula ni sawa kwa wote. Nyama ilikuwapo kweli, ila hakuna aliyefikiria inachinjwa na nani. Nikamleta mjomba wangu kutoka mjini awe anachinja. Mpishi mkuu alinuna wiki nzima, akasema nimemwita najisi. Nikakaa naye jikoni, nikamenya naye viazi vya Isongole mpaka akacheka. Halafu ile njia ya mteremko ya wenye ulemavu, mnayoiona hadi leo: wafadhili waliijenga ikapendeza, ikafika hadi mlango wa maktaba. Ndani ya maktaba hapakuwa na kitabu hata kimoja cha nukta nundu. Kijana wetu asiyeona alipanda mteremko ule, akafika, akasimama. Akaniuliza, "Mama, nimekuja kufanya nini?" 

Lakini mliponiomba niandike, nilijua ninyi mnataka habari ya Tumpe. Mmeisikia nusunusu, na mmeisikia kama kichekesho. Haikuwa kichekesho.

Tumpe alikuwa mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, kutoka Lufingo. Mumewe, Ambakisye, alikuwa fundi wa magari huko Mbeya. Tumpe alikuja chuoni kwa ule ufadhili wa wanawake waliokatiza masomo, akisomea ualimu. Mnyamavu, mwenye bidii, anakaa mstari wa mbele, kalamu haitui. Mwaka wake wa kwanza haukuwa na shida. Mwaka wa pili, mhadhiri wa somo la Misingi ya Elimu aliacha kazi ghafla. Mashirika ya wafadhili yalikuwa yameota Dar kama uyoga, na wahadhiri wetu wakawa wanachumwa mmoja mmoja. Chuo kikamwita mzee mstaafu wa hukuhuku, Mwalimu Mwangoka, aliyewahi kuongoza chuo cha ualimu, aje kuziba pengo.

Mzee Mwangoka alikuwa mwalimu hasa, wa zile enzi za chaki na fimbo, ila fimbo alikuwa ameiacha. Alikuwa na kitu kimoja tu cha ajabu: anakohoa. Kila akikaribia kona, kila akikaribia mlango, anakohoa kwa nguvu, "Khoo! Khoo!" kama mtu anayefukuza nyani shambani. Wanafunzi walimpachika jina Mzee Kikohozi. Mimi mwenyewe nilimshauri aende hospitali pale Makandana akapimwe kifua. Akanishukuru sana, na hakwenda.

Muda si muda, mahudhurio yakaniletea Tumpe. Masomo mengine yote yupo. Misingi ya Elimu hayupo, hajaingia hata siku moja. Na kanuni yetu ilikuwa haina huruma: asiyehudhuria vipindi vya kutosha haingii kwenye mtihani, na aliyekosa mtihani wa somo la lazima anarudishwa nyumbani. Ufadhili wake nao unakatika hapohapo. Nikamwita, nikammiminia chai.

"Tumpe mwanangu, kuna nini na somo la Mwalimu Mwangoka?"

"Kichwa kinaniuma, mama."

"Kinakuuma siku za somo hilo tu?"

 Akaangalia sinki langu likidondosha. Nikawauliza wenzake, nao wakaangalia chini. Nikadhani labda mzee amemfanyia ubaya, na nilianza kumtazama kwa jicho hilo. Mnajua jicho ninalolisema.

Nilikuja kujua kwa miguu, kama kawaida. Jioni moja nilikuwa nikipanda njia ile inayokatiza kwenye migomba, kati ya nyumba za walimu na madarasa. Tumpe alikuwa mbele yangu na vitabu vyake. Kwenye kona ya juu nikasikia, "Khoo! Khoo!" Tumpe akavuta khanga kichwani, akaruka mtaro, akaingia kwenye migomba iliyolowa, akasimama ameipa njia mgongo. Mzee Mwangoka akatokea. Akatembea akiwa amegeuza uso upande wa pili kabisa, kama mtu anayekagua chai ya jirani. Alipofika kwangu akanisalimu kwa upole, kwa Kinyakyusa, "Mugonile, Bi Zuhura," akapita zake.

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi. Jambo hili nilikuwa nalijua tangu utotoni! Nikifuatana na babu kupeleka nguo vijijini, nilikuwa nikiwaona wanawake wanachepuka njia, wanaingia migombani na mitungi yao kichwani, mpaka mzee fulani apite. Wanyakyusa wanaita ukutila. Mke hamwangalii baba wa mumewe, wala yeye hamwangalii mke wa mwanawe. Hawakai chumba kimoja, hawatajani majina. Msifikiri ni chuki. Ni heshima, tena kubwa mpaka inatisha. Wengi walikuwa wameshailegeza siku zile, hasa wa mjini. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba inaweza kupanda na kuingia chuo kikuu.

Nikamfuata migombani.

"Ni mkweo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekwambiaje, mama? Ningeanza na neno gani? Nikimtaja tu nimeshakosa." Machozi yalikuwa yanamtoka, na maji ya majani yanamtiririka, huwezi kujua kipi ni kipi. "Mama yangu alinifundisha. Mama mkwe wangu naye hivyohivyo. Nikijilazimisha miguu inakataa. Nimejaribu. Nimefika mpaka mlangoni."

Kile kikohozi basi kilikuwa adabu ya mzee. Alikuwa anampa mkwewe nafasi ya kujificha. Wanafunzi Wanyakyusa wote walijua tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyesema, maana hata kusema ni kuwavua nguo wote wawili. Na mimi ofisini nilikuwa na jedwali linaloonyesha wanawake wetu walioolewa wameongezeka.

Kamati ya taaluma ilikaa. Mhadhiri mmoja kijana, amerudi majuzi kutoka kusoma nje, akasema huu ni ushamba na chuo kikuu si kilinge. Mkuu wa Chuo akasema injili ilikwishayamaliza mambo hayo zamani. Nilikasirika. Wote walikuwa wanazungumza habari ya mila, hakuna anayezungumza habari ya mtu. Mwalimu mwingine wa somo hilo hakuwepo, na wa kumleta hatukuwa naye. Bwana Kibona ndiye aliyesema, "Amekuja kusoma. Tumuulize yeye anaweza nini."

Nikamuuliza. Tumpe akafikiri, akasema, "Mama, pembeni ya ubao kuna stoo. Mlango ukiegeshwa tu, nitasikia kila kitu."

Stoo ile ilikuwa ya ramani na viti vilivyovunjika. Ilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia darasani na mwingine wa kutokea uani, wa kupitishia viti. Tukaifagia, tukampa kiti kizima. Tumpe anapitia uani mapema, anakaa, anavuta khanga yake. Mzee anakohoa, anaingia darasani, anafundisha. Kiongozi wa darasa ndiye anayeita majina. Akifika kwa Tumpe, sauti ndogo inatoka nyuma ya mlango: "Nipo." Msajili akakubali kwamba stoo ni sehemu ya darasa. Nikamwandika yupo. Nililala vizuri siku zile, niliamini tumepata dawa.

Kisha akaja Dada Consolata. Alikuwa wa ofisi ya wafadhili kutoka Dar, binti mkakamavu, amevaa suruali na koti la mtumba zuri kuliko makoti yetu yote. Nilimpenda tangu dakika ya kwanza, kwa sababu alikataa kukaa ofisini. "Nataka kutembea," akasema. Akatembea na mimi nyuma yake, anafungua milango, anachungulia. Alipofika uani akafungua na mlango wa stoo.

Akamkuta mwanamke amekaa peke yake kwenye nusu giza katikati ya viti vibovu, khanga kichwani, daftari magotini. Upande wa pili wa mlango, mwanamume anafundisha kwa sauti kubwa wenzake waliokaa kwenye mwanga.

"Dada! Nani amekuweka humu?"

Tumpe akainamisha kichwa. Darasani sauti ya mzee ikakatika.

Mnaweza kufikiria yaliyofuata ofisini kwa Mkuu. Nilieleza mpaka koo likakauka. Nikaeleza kwamba ni yeye mwenyewe aliyechagua, kwamba bila stoo hana somo. Dada Consolata alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha. Halafu akasema, "Bi Zuhura, nimekuelewa. Hawawezi kukaa chumba kimoja, sawa. Lakini wao ni wawili. Mbona aliyewekwa stoo ni mwanamke?"

Lilinichoma swali lile. Miaka yangu yote ya kutembea na gambuti, sikuwa nimejiuliza hilo.

Mzee Mwangoka aliitwa. Akaingia na kofia mkononi, mvi zake zimelowa. Dada Consolata akamuuliza swali lilelile, kwa heshima, hakumvunjia. Mzee aliizungusha kofia yake mpaka Mkuu akakohoa yeye. Mwisho akasema, "Mwanangu, umeuliza vizuri." Akaaga, akatoka. 

Mkuu akatoa amri: kuanzia Jumatatu hakuna mwanafunzi kuwekwa stoo. Tumpe aingie darasani kama wengine, la sivyo aache chuo. Alikuwa anaogopa ufadhili wa wanawake wote ukatwe, na siwezi kusema hofu yake ilikuwa ya bure.

Nilimkuta Tumpe bwenini anafunga mzigo. "Nitarudi Lufingo, mama. Chai yetu imejaa magugu." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia njoo Jumatatu, mara moja tu. Miguu ikikataa, mimi mwenyewe nitakubebea mzigo mpaka stendi.

Jumatatu akaja. Nadhani alikuja ili nisiaibike. Wasichana wenzake wakamweka katikati, wakamzunguka na makhanga yao. Mimi nilisimama nje dirishani, chini ya matone ya bati. Tukasikia, "Khoo! Khoo!" Tumpe akajikunja, akajifunika uso wote. 

Mlango wa darasa haukufunguka. Tukasikia mlango wa uani. Tukasikia kiti kinakokotwa kwenye saruji, mtu anakaa, anahema. Kisha nyuma ya ule mlango ulioegeshwa, ikatoka sauti:

"Mugonile, wanafunzi."

Wanafunzi wakatazamana. Hatukuwa tumeelewa.

"Nimesema mugonile. Mmelala? Haya, mwenye mwandiko mzuri aje ubaoni aandike nitakayosema. Tulikuwa tumefikia wapi?"

Tumpe akainua kichwa taratibu. Akaangalia ule mlango. Akashusha khanga kutoka usoni, ikaanguka mabegani, akafungua daftari. Na mimi pale dirishani nililia, nililia kama mtoto, na sioni haya kuwaambia.

Nilipopata pumzi nilikwenda kwa Bwana Kibona, maana funguo za uani anakaa nazo yeye. "Mkuu ameagiza stoo isitumike!" nikamwambia.

"Mkuu ameagiza asiwekwe mwanafunzi," akasema, bila kuinua macho. "Mwalimu hakumtaja."

Mzee Mwangoka alifundisha kutoka stoo mpaka mwaka ukaisha. Mtu aliyewahi kuongoza chuo, ameketi katikati ya ramani zilizochanika na viti vya miguu mitatu, anafundisha watu asiowaona. Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, nilimpelekea chai kwa mlango wa uani. Akaniambia, "Bi Zuhura, kumbe humu mtu unasikia zaidi. Wale wanaonong'ona nyuma nimeshawajua wote." Kuhusu Tumpe hakuniambia lolote, na mimi sikumuuliza. Walimu wenzake walimcheka, hasa yule kijana aliyesoma nje. Kanisani walisema mzee amerudi ushenzini. Alikuwa mzee wa kanisa, na mwaka ule hakuchaguliwa tena. Aliyabeba yote hayo, akiingia kwa mlango wa uani.

Dada Consolata alirudi. Alikaa darasani mstari wa nyuma, kipindi kizima. Baadaye akatembea na mimi mpaka kwenye migomba. Halafu akaniuliza, "Sasa nitaandika nini?"

"Umekuja kuhesabu nini?"

"Wanawake waliomo darasani."

"Basi andika, yumo."

Akaandika. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuuliza mwalimu yuko wapi. Ndiyo maana fomu zenu za sasa zina ile nafasi tupu chini kabisa, isiyo na swali, ambayo kila mwaka kuna mtu anataka kuifuta. Nimeipigania mimi. Msiifute.

Kuhusu matokeo, msitegemee niwaambie Tumpe alikuwa wa kwanza. Alipata C, na aliitolea jasho. Akamaliza, akapangiwa shule ya sekondari, akafundisha. Akazaa watoto wengine wawili. Ikawa akija mjini sokoni ananipitia, tunakunywa chai. Mara moja nilimuuliza kama tangu aolewe ameshawahi kumwona mkwewe usoni, hata kwa bahati mbaya, hata kwenye picha ya ukutani. Akasema hapana. Picha akiikuta kwenye nyumba ya mtu anakaa ameipa mgongo. "Sauti yake naijua kuliko ya baba yangu," akasema. "Nimeiandika mwaka mzima."

Mzee Mwangoka alifariki mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya mimi kukabidhi ofisi. Tulikwenda Lufingo kumzika. Bwana Kibona naye alikuja, kwa fimbo, sweta zake mbili. Mvua ilikuwa inanyesha kidogokidogo, na watu walikuwa wamejaa mpaka chini mashambani, wengi wao wanafunzi wake wa zamani. Ibada ikasomwa. Ikafika wakati wa kuaga. Jeneza likafunguliwa upande wa uso, watu wakapanga mstari.

Tumpe alikuwa amekaa mbali, nyuma ya nyumba, na wanawake wanaopika. Nilimwona anapanguza sahani ileile moja tu. Nikaona dada wa marehemu, kikongwe, anamwendea, anamshika mkono, anamnyanyua. Sijui mila inasemaje kuhusu maiti, na sikuona anauliza mtu. Akamkokota polepole kupita kati ya watu, na watu wakawapisha. Tumpe alikuwa ameinamisha kichwa kama siku zote. Walipofika kwenye jeneza, kikongwe akamwambia kwa ile sauti yao ya milimani, "Sasa luksa, mwanangu. Mwangalie baba."

Tumpe akainua macho.

Alisimama pale muda mrefu. Mstari ulikuwa nyuma yake, na hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyekohoa. Hakulia. Aliangalia paji la uso, akaangalia pua, akaangalia mdomo, kama mtu anayesoma kitu ambacho atakuja kuulizwa.

Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu.  Akanikamata mkono, akanigeuza kuelekea uwanjani, ambako mwanawe wa mwisho, Lugano, alikuwa amesimama na watoto wenzake chini ya mgomba.

"Mama, wameniambia tangu anazaliwa," akasema. "Mama mkwe, mashangazi, majirani, kila mtu. Wakimwona tu, 'Huyu ni babu yake mtupu.' Na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, naitikia tu." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Mama, kumbe ni kweli. Nimekuwa nauosha kila siku uso ule."